Harusi na zifanywe stesheni, lakini reli isizikwe

Likizo za Aprili, Agosti na Disemba ndiyo majira ya harusi katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma. Sababu yake si ngeni kwa wasomaji wa ukurasa huu. Katika kila ukoo wa sehemu hizi hapakosi mwalimu mmoja au wawili, na mwalimu hapati nafasi ya kuoa, kuozesha wala kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ila shule zifungwapo. Hapo ndipo barabara za Kitale, Kiminini, Webuye na Chwele hujaa magari yaliyovishwa utepe, nayo mahema hutapakaa katika viwanja vya shule, nyua za makanisa na bustani za hoteli.

Katika harusi nilizohudhuria miaka ya karibuni nimeona jambo moja ambalo hapo zamani halikuwapo. Baada ya ibada, na kabla ya chakula, maharusi pamoja na wasimamizi wao hutoweka kwa muda wa saa nzima au zaidi. Wageni hubaki wakipiga miayo huku mfawidhi akiwatuliza kwa mizaha ambayo wameisikia mara kumi. Ukiuliza walikokwenda wenye sherehe, utaambiwa kwamba wamekwenda kupigwa picha kwenye reli. Vijana wetu, ambao wengi wao hawajawahi kupanda garimoshi, huvutiwa na vyuma viwili vinavyokwenda sambamba hadi upeo wa macho, na nadhani hawajakosea kuona humo mfano wa ndoa.

Wenzetu wa ng'ambo wameivuka hatua hiyo ya picha. Huko stesheni kongwe zilizokwisha kuachwa zimekarabatiwa, na karamu nzima ya harusi hufanyiwa ndani yake. Swali ninalotaka tulitafakari leo ni hili: je, ingefaa stesheni ya Kitale na ile ya Bungoma nazo zikarabatiwe na kupokea karamu za harusi? Jibu langu ni kwamba yafaa, tena yafaa sana. Hata hivyo, yapo masharti matatu, na tusipoyashika tutakuwa tumeuza urithi wetu kwa sahani ya pilau.

Kwanza tuelewane juu ya jambo tunalolizungumzia. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inazitambua ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za Kihindu, za kimila na za kiserikali, na kila moja ina mahali pake na watu wake wa kuifungisha. Sipendekezi kwamba padri, kadhi au wazee wa ukoo wahamie stesheni. Nazungumzia karamu, yaani ile sehemu ya kula, kucheza, kutoa zawadi na kusikiliza hotuba ndefu za wajomba. Karamu haibadilishi ndoa, na kwa hiyo inaweza kufanyiwa popote penye heshima na nafasi.

Sasa tuiangalie stesheni yenyewe, kwani mtu hawezi kuandaa karamu katika nyumba asiyoijua. Reli ya Uganda, kama ilivyoitwa, ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na kati yao karibu 2,500 walikufa. Njia hiyo ya kwanza haikupitia kwetu. Iliyotufikia ni ile iliyotoka Nakuru ikapanda milima ya Timboroa, mahali palipo juu ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, ikafika Eldoret mwaka wa 1924, kisha ikateremka kupitia Turbo, Webuye iliyoitwa Broderick Falls enzi hizo, na Bungoma, hadi kuingia Uganda. Kampala ilifikiwa mwaka wa 1931. Tawi la Kitale lilichipuka Leseru, likakimbia kiasi cha kilomita 65 katika mashamba, na kufika mjini mwaka wa 1926.

Kwa nini serikali ya kikoloni iligharimia kilomita hizo 65 kwenda katika mji ambao haukuwa njiani kuelekea popote? Jibu ni mahindi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka wa 1919, ulianzishwa mpango wa kuwagawia wanajeshi wa Kiingereza mashamba katika nyanda za juu, na Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotengwa kwa ajili ya walowezi. Mahindi yao yalihitaji njia ya kufika bandarini. Wenyeji walioishi na kulisha mifugo katika nyanda hizo walijikuta vibarua au maskwota katika ardhi ya baba zao, na kila mwanamume Mwafrika akatakiwa kutembea na kipande. Reli ilipojengwa, upinzani mkubwa wa silaha ulikuwa umekwisha kuvunjwa. Wabukusu walipigwa katika ngome ya Chetambe karibu na Webuye mwaka wa 1895, naye Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi kupinga kupita kwa wageni na reli yao, aliuawa mwaka wa 1905.

Nayaeleza haya kwa sababu wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, kama ni jambo la adabu kuimba na kucheza katika jengo lililosimamishwa kwa madhumuni kama hayo. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliwahi kuniuliza swali hilo darasani, nami nililifurahia kuliko majibu mengi ninayoyasahihisha. Nchini Marekani mjadala huu umekuwa mkali. Kule kusini mwa nchi hiyo, mashamba makubwa ambamo watumwa weusi waliteswa yamekuwa yakikodishwa kwa harusi, na maharusi hupigwa picha mbele ya nguzo nyeupe bila kutaja waliozijenga. Mwaka wa 2019 kampuni za Pinterest na The Knot, ambazo wachumba wengi huzitegemea kupata mawazo ya harusi, zilitangaza kwamba zitapunguza kuyatangaza mashamba hayo kama mahali pa kimahaba. Je, stesheni zetu ziwekwe katika kundi hilo?

Maoni yangu ni kwamba hapana, na sababu ninayo. Shamba la mtumwa lilikuwa la bwana mmoja, na mtumwa hakuwahi kuwa na sehemu yake humo. Stesheni ilijengwa kwa ajili ya mlowezi, lakini Mwafrika aliigeuza ikawa yake hata kabla ya bendera kubadilishwa. Ni Mwafrika aliyelaza mataruma, aliyechochea moto wa injini, aliyepeperusha kibendera cha kijani. Ni yeye aliyepanda behewa la daraja la tatu akiwa na kuku, mkungu wa ndizi na barua ya kutafuta kazi Nairobi au Mombasa. Wanafunzi waliochaguliwa kwenda shule za mbali waliagwa na mama zao jukwaani. Askari waliokwenda kupigana Burma katika Vita Kuu ya Pili walisafirishwa kwa reli. Wafanyakazi wa reli, kwa upande wao, walikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kujifunza nguvu ya kuungana, na katika mgomo mkuu wa Mombasa wa mwaka wa 1947 walisimama bega kwa bega na wenzao wa bandarini.

Tena harusi si ngeni katika stesheni. Kabla ya matatu kuenea, wazazi wengi wa sehemu hizi walioolewa mbali na kwao walianza safari ya ndoa kwa garimoshi. Huku ndugu wakilia na huku wakiimba, bibi harusi aliingia behewani na sanduku lake la bati. Kwa hiyo kijana wa leo anayetaka kula keki yake jukwaani anarudi mahali ambapo furaha na machozi ya nyanya yake vilichanganyika. Hilo ni jambo la heshima iwapo analijua. Ubaya utaingia iwapo halijui, na hakuna aliyejisumbua kumweleza.

Nimesema kwamba karamu zinafaa, na sasa nitaje faida yake. Jengo lisilotumiwa hufa. Kila mtu aliyekulia kijijini anajua kwamba nyumba isiyowashwa moto huvuja, huliwa na mchwa, na hatimaye huanguka, hata kama ilijengwa kwa mawe. Mwenye mlango hukuta mlango umeng'olewa, na mwenye bati hukuta bati limehamia zizi la jirani. Mjini Detroit, Marekani, stesheni kubwa iliyofunguliwa mwaka wa 1913 iliachwa mwaka wa 1988. Kwa miaka 30 ilikuwa gofu, madirisha yakiwa yamevunjwa na nakshi zikiwa zimebebwa. Kampuni ya magari ya Ford iliinunua mwaka wa 2018, ikaikarabati na kuifungua tena mwaka wa 2024. Habari za ununuzi huo zilipoenea, mtu mmoja asiyejitaja jina alipiga simu akaeleza mahali alipoiacha saa ya ukutani iliyokuwa imechukuliwa kutoka stesheni hiyo miaka mingi nyuma. Jengo lilipopata mwenyewe, hata aliyelichukulia mali yake alipata haya.

Mifano iko mingi. Stesheni ya Orsay mjini Paris ilifunguliwa mwaka wa 1900, ikashindwa kuyapokea magarimoshi marefu yaliyokuja baadaye, ikaponea chupuchupu kubomolewa, na tangu mwaka wa 1986 ni makavazi ya sanaa yanayosifika ulimwengu mzima. Ile ya St. Louis, Marekani, iliyofunguliwa mwaka wa 1894, iliagana na garimoshi la mwisho la abiria mwaka wa 1978, na miaka 7 baadaye ikafunguliwa upya ikiwa na hoteli, na karamu za harusi hufanyiwa katika ukumbi wake mkuu.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya na Marekani kutafuta mwongozo. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya hukodisha bustani ya nyumba ya Karen Blixen jijini Nairobi kwa harusi. Fort Jesus ya Mombasa, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593 na ambayo Unesco iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka wa 2011, hukodishwa kwa hafla za jioni. Ngome hiyo imewahi kuwa kambi ya askari na gereza, na watu wengi walikufa humo. Karamu za leo hazijaifuta historia hiyo, kwa kuwa mgeni anayekula humo usiku anaweza kurudi asubuhi akaisoma ukutani. Hapo ndipo ninapopata kipimo changu. Wenyewe wa Kitale wanayo makavazi yao pia, yaliyotokana na mkusanyo wa mlowezi Hugh Stoneham, aliyeuanzisha mwaka huo huo wa 1926 ambao garimoshi lilifika, na ambayo yalifunguliwa katika jengo lake jipya mwaka wa 1974. Maarifa ya kutunza vitu vya kale, basi, yapo mlangoni petu.

Nije sasa kwenye masharti yangu.

Sharti la kwanza ni kwamba reli isizikwe. Yupo mfanyabiashara ambaye, akikabidhiwa stesheni, atamwaga saruji juu ya reli ili apate uwanja wa kuchezea muziki na nafasi ya kuegesha magari. Huyo tumkatalie mapema. Reli iliyonyamaza si reli iliyokufa. Garimoshi la abiria lilirejea Nanyuki mwaka wa 2020, na lile la Kisumu likarejea mwaka wa 2021, baada ya miaka ambayo watoto walizaliwa na kumaliza shule bila kuliona. Njia ya Kitale ilipitia kimya kirefu cha namna hiyo hiyo. Iwapo siku moja tutataka kusafirisha mahindi, mbolea na abiria kwa garimoshi kama mwanzoni, tusije tukakuta kwamba tuliuza njia yetu kwa karamu za Jumamosi. Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Reli mpya iliyoanza kazi kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017 ni msala mzuri, lakini mbachao wetu ni huu wa mita moja kati ya chuma na chuma.

Katika jambo hili Kitale na Bungoma hazifanani, na si haki kuziwekea mpango mmoja. Kitale ni mwisho wa tawi. Hakuna garimoshi la kupita kwenda mbele, na ni rahisi kupanga siku ya karamu na siku ya mizigo zisigongane. Bungoma iko katika njia kuu iendayo Malaba na Uganda, na garimoshi la mizigo halisubiri bibi harusi amalize kukata keki. Kwa hiyo Bungoma karamu ikae katika jengo na upande wa mji, uwekwe uzio imara kati ya wageni na reli, na pawe na mtu wa shirika la reli mwenye amri ya kusimamisha muziki. Watoto huwa wengi harusini, na mtoto aliyeshiba soda hajui ratiba. Hata zile picha zinazopigwa katikati ya reli zipigwe mahali palipokubaliwa na kwa saa inayojulikana.

Ardhi nayo ilindwe. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilifichua jinsi ardhi ya umma, ikiwemo ya mashirika ya serikali, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Ukarabati ni neno tamu, na mnyakuzi huweza kujificha nyuma yake. Stesheni ikodishwe kwa siku au kwa mkataba wa miaka michache, lakini hati ya ardhi ibaki kwa umma. Iko Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka wa 2006, inayoruhusu majengo ya kihistoria kutangazwa katika gazeti rasmi na kulindwa. Stesheni hizi zistahili kinga hiyo kabla ya kiti cha kwanza cha karamu kuingizwa.

Sharti la pili ni kwamba historia isemwe, na isemwe yote. Stesheni iliyokarabatiwa iwe na chumba kimoja, hata kama ni ofisi ya zamani ya kuuzia tikiti, ambacho hakitakodishwa kamwe. Humo ziwekwe picha, ramani, taa, kengele na vitabu vya hesabu vya reli. Paelezwe habari za walowezi na mahindi yao, habari za Koitalel na Chetambe, habari za vibarua wa Kihindi, na habari za madaraja ya mabehewa ambayo yaliwatenga watu kwa rangi na mfuko. Wazee waliofanya kazi katika reli wangali hai wachache. Maneno yao yarekodiwe sasa, kabla hatujaanza kuyatafuta makaburini. Na ni nani wa kuyarekodi kama si wanafunzi wetu?

Hapa nawageukia walimu wenzangu. Mtaala wa umilisi unatutaka tumtoe mwanafunzi darasani aone, apime, aulize na atende. Stesheni ni darasa lililokwisha kujengwa. Mwalimu wa hisabati atapata urefu wa jukwaa, mteremko wa njia na kasi ya garimoshi. Mwalimu wa jiografia atapata sababu ya reli kupinda hapa na kunyooka pale. Mwalimu wa historia hatakuwa na haja ya kuandika ubaoni siku nzima. Mwalimu wa Kiswahili atapata msamiati ambao unaelekea kupotea: taruma, behewa, kiberenge, jukwaa. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma, na wanafunzi wake wa historia na lugha wangeweza kuongoza kazi hiyo ya kurekodi. Sharti, basi, liwe katika mkataba: siku za katikati ya juma stesheni ni ya shule, bila malipo, na hakuna harusi ya tajiri yeyote inayoweza kuiondoa siku hiyo. Jumamosi na iwe ya ngoma.

Nikitaja ngoma, sitapenda tukarabati pamoja na jengo ile tabia ya kikoloni iliyokuwa ndani yake. Nimeona kadi za harusi zinazowataka wageni wavae kama walowezi wa miaka ya 1920, kofia za jua na viatu vya ngozi hadi magotini, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa kwenye daraja la kwanza. Kuiga mavazi ya aliyemnyang'anya babu yako shamba ni mzaha usiochekesha. Jukwaa hilo hilo litapendeza zaidi litungu la Wabukusu likilia na mabega yakitikiswa kwa kamabeka, Wasabaoti wakijibu kwa nyimbo zao, na kwaya ya kanisa au kasida ikifuata kwa zamu. Kitale ni mji wa makabila mengi, na reli ndiyo mojawapo ya sababu zilizotukutanisha. Sherehe ya mji huo na iwe na sura ya watu wake.

Sharti la tatu linahusu fedha. Karamu za siku hizi zimekuwa mzigo. Kamati hukutana wiki baada ya wiki, kadi za mchango husambazwa hadi kwa watu ambao hawamjui bwana harusi, na baada ya sherehe maharusi huanza maisha kwa madeni ya mahema na keki. Ikiwa stesheni itakarabatiwa kisha itozwe ada ambayo ni wachache tu wanaoimudu, tutakuwa tumeyarudisha yale madaraja ya mabehewa kwa mlango wa nyuma. Daraja la kwanza litakuwa jukwaani likila nyama, na daraja la tatu litakuwa nje ya uzio likisikiliza muziki. Ada ipangwe kwa uwiano. Mwenye uwezo na atoe zaidi siku ya Jumamosi, na mwalimu kijana au mkulima mdogo apate siku yake kwa bei anayoimudu.

Sehemu ya kila ada irudi katika jengo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya umma hupotea upesi zaidi. Pabandikwe ubao stesheni, mahali ambapo zamani palibandikwa ratiba, kila mtu asome ni harusi ngapi zimefanywa mwezi huo, ni kiasi gani kimelipwa, na bati au dirisha gani limetengenezwa kwa fedha hizo. Kazi yenyewe ya ukarabati wapewe mafundi wa hapa. Kitale ina chuo cha taifa cha ufundi, na waashi na maseremala wanaofunzwa huko wangejifunza mengi katika jengo kongwe. Wangejifunza, mathalani, kwamba ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa huharibika ukipigwa lipu ya saruji, kwani saruji huzuia unyevu usitoke na jiwe huanza kumomonyoka kwa ndani. Rangi mpya na taa za kumetameta haziufanyi ukarabati kuwa ukarabati.

Kuna atakayesema kwamba haya yote ni anasa ilhali madarasa yetu hayana madawati. Namheshimu mwenye hoja hiyo, kwa kuwa hata mimi nimefundisha darasa ambamo wanafunzi watatu hugawana kitabu kimoja. Lakini hoja yake inachukulia kwamba fedha za stesheni zitatoka katika mfuko wa madawati. Ninachopendekeza ni kinyume chake. Fedha za harusi hutumika kila mwezi, tuwe na stesheni au tusiwe nayo, na nyingi huishia katika mahema ambayo kesho yake hukunjwa bila kuacha kitu. Iwapo sehemu ya fedha hizo itaezeka jengo la umma lenye chumba cha kumfunza mtoto wa shule, tumeokoa mahali ambapo tulikuwa tukipoteza.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni, burudani, maktaba na makavazi. Kwa hiyo wakuu wa Trans Nzoia na Bungoma hawawezi kusema kwamba jambo hili ni la Nairobi peke yake. Na waketi na Shirika la Reli la Kenya pamoja na Makavazi ya Kitaifa, waandike mkataba ulio wazi, na wautangaze wananchi wausome. Walimu wakuu waombe siku zao mapema, kabla wakodishaji wa mahema hawajaomba za kwao. Wanafunzi waanze leo, bila kungoja mkataba wowote, kuwauliza babu na nyanya zao walipanda garimoshi lini, kwa nauli gani, na nani aliyewalaki waliposhuka.

Maharusi watakaoandaliwa karamu jukwaani Kitale au Bungoma nawatakia kila la heri tangu sasa. Naomba jambo moja tu kwao. Kabla mfawidhi hajawaita wageni mezani, mmoja wa wazee asimame kwa dakika tano awaeleze watu wako wapi na ni nani waliowatangulia kusimama hapo. Pilau haitapoa kwa dakika tano, na watoto waliokuja kula soda watarudi nyumbani na neno la kuwasimulia wenzao shuleni siku ya Jumatatu.